Shanga za Skola Nilizozifuata Bisibo

Wenzangu, nimechoka kusimulia vipande vipande. Leo mmoja ananikamata kisimani, kesho mwingine ananishika mkono kwenye shamba la ujamaa, na kila mmoja ameshasikia yake: mara nilikamatwa kama mpelelezi wa adui, mara nilitaka kumuua mdogo wangu. Mwingine kaniuliza bila haya kama ni kweli mzee wa Kisukuma alinitimua kwa mkuki. Hakuwa na mkuki, alikuwa na fimbo. Basi nawaandikia yote mara moja. Someni, peaneni, mniache nipalilie maharage yangu.

Kwa wale wa vitongoji vya mbali wasiotujua vizuri: mimi ndiye Veneranda wa Nyakisasa, natunga shanga nyumbani, kazi niliyoachiwa na marehemu mama. Skola ni mdogo wangu wa mwisho. Mchumba wake, Mathiasi, alichukuliwa jeshini vita vilipoanza, tukajua harusi imekwenda na maji. Halafu dereva mmoja akatuletea neno lake: amepewa ruhusa fupi, anakuja, padri aambiwe, harusi ni Jumamosi ijayo, kisha anarudi vitani. Skola alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nikashika kichwa, maana kibuyu changu cha shanga kilikuwa kitupu.

Kwetu nyumbani binti haendi kwa mumewe na shingo tupu. Dada mkubwa ndiye anayemtungia urunigi, yaani mkufu wa shanga nyekundu na nyeupe, na ndiye anayemvalisha. Mama angekuwepo asingekubali vinginevyo. Najua mtasema ningevua wangu nikampa. Niliwaza hivyo, nikamwambia, akanikata jicho. "Dada, urunigi wa mtu aliyeolewa unavaliwa na mwingine? Si afadhali unigawie na mume?" Mtoto mkaidi yule, lakini alikuwa na haki.

Nyakisasa mpaka Rulenge, kwa miguu

Nilitoka asubuhi na viazi vya kuchemsha kwenye kanga. Duka letu la ushirika mnalijua: majembe mawili, chumvi ikipatikana, na mwenye duka anayesinzia. Rulenge nilitegemea makubwa zaidi kwa sababu pale kuna misheni na watu wa rozari hawakosi shanga.

Nilikosa. Mwenye duka alinitazama kwa huruma, akaniletea kopo la vifungo vya mashati.

"Hivi navyo vina matundu," akasema.

"Kaka yangu, nimvalishe bibi harusi vifungo? Mathiasi amfungue kama shati?"

Watu dukani wakaangua kicheko, yeye akacheka kuliko wote. Kisha akaingia ndani akanitolea kitu cha maana: uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa ziwani, mwembamba na mgumu, huukati kwa meno. Kwa kazi yetu hakuna uzi unaoushinda. Nikaukunja vizuri nikaufunga kwenye kipande cha kitambaa pamoja na sindano zangu mbili nyembamba. Kifungo kimoja pia nilichukua, kwa kufungia mkufu nyuma ya shingo. Kuhusu shanga, akanishauri nijaribu Biharamulo, wilaya ya pili, kwamba huko kulikuwa bado na maduka yenye vitu vya zamani kwenye rafu za juu.

Kwenye lori la ndizi

Mabasi yalikuwa hadithi. Magari karibu yote yalikuwa yamekwenda kubeba askari na vyakula vyao. Nilipata nafasi juu ya lori lililokuwa likikusanya michango ya vijiji: ndizi, magunia ya maharage, na ng'ombe wawili waliofungwa nyuma ambao hawakufurahia safari hata kidogo. Mmoja alinilamba kisogo njia nzima. Nilimpiga kofi, akaendelea, mwisho nikamwachia kisogo chake.

Tulipofika Nyakahura rejeta ikachemka, moshi puu! Dereva akashuka, akafungua boneti, akatazama, akafunga, akaenda kulala chini ya lori. Nikamwuliza tutaondoka lini. "Likipoa," akasema. Likapoa, yeye hakuamka. Nilimtikisa mguu, akaniambia sasa ni yeye anayepoa. Si mnanijua mimi, maneno yalinijaa mdomoni, lakini sikuwa na lori lingine.

Mama mmoja pale kando ya barabara alitupikia ndizi na maharage kwa majani ya kunde. Nilikula nikiwa nimekaa karibu na bibi mmoja wa Kihaya, mzee lakini mgongo wake umenyooka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza naenda kufanya nini Biharamuro. Ndivyo alivyotamka, nami sikumcheka kwa sababu hata sisi tuna zetu. Nikamwambia natafuta shanga.

"Shanga!" akashangaa. "Watu wanatafuta chumvi na sabuni, wewe watafuta shanga?"

Aibu ilinishika. Nikamweleza habari za Skola na Mathiasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake, ufunguo mkubwa wa mlango. Yeye alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Kagera. Adui alipoingia, yeye na wenzake walikimbia, na sasa alisikia kwamba wanajeshi wetu wamemtoa adui, kwa hiyo alikuwa anarudi.

"Huu ni wa mlango wangu," akasema. "Kama mlango haupo, nitatafuta fundi aweke mlango unaoingia ufunguo huu. Nenda katafute shanga zako, mama. Mtu asikwambie ni upuuzi."

Tukala ndizi zetu mpaka dereva alipoamka mwenyewe, amepoa.

Biharamulo, kwenye foleni

Biharamulo nilizunguka duka hadi duka. Rafu za juu kweli zilikuwepo, juu yake kulikuwa na vumbi. Muuza duka mmoja alinitolea shanga tano za plastiki zilizokatika kutoka kwenye kandambili ya mtoto. Nyingine, akaniambia, nisubiri mpaka vita viishe.

Nikatoka nje nimekata tamaa, nikaona foleni ndefu mbele ya duka la ushirika. Nikajiunga. Nyote mngefanya vivyo hivyo. Nikamwuliza msichana aliyesimama mbele yangu kinachouzwa ni nini.

"Sijui, dada," akasema. "Nimewakuta."

Akamwuliza wa mbele yake, naye hakujua. Swali likasafiri mpaka mbele, likarudi: ukifika utaona. Nikawa nasali kimoyomoyo ziwe shanga, jambo ambalo sasa nikilifikiria naona jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Nilipofika, nikakabidhiwa betri mbili za redio. Mimi! Nyumbani kwangu redio ni jirani akiongea kwa sauti. Lakini nani anakataa kitu cha foleni? Nikazifunga kwenye kanga.

Ila foleni ilinipa kitu kizuri kuliko betri. Yule msichana, jina lake Minza, alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia upande ule kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Aliposikia shida yangu alipiga makofi.

"Shanga? Nenda Bisibo kwa Mama Kabula. Enzi zao kule Shinyanga alikuwa mchezaji ngoma wa kusifika, alikuja na shanga zake zote. Ninaelekea huko huko, nitakuonyesha njia."

Tukaenda pamoja kwa miguu, tukipita mashamba ya pamba na mihogo, yeye akiniimbia nyimbo za kulima, mimi nikiitikia bila kuelewa. Kwenye njia panda ya kwao akaniacha, akaninyooshea kidole kaya za mbele zenye mazizi. Laiti angefika nami mpaka mlangoni, haya yote yasingetokea.

Bisibo, mdomo wangu ulivyoniponza

Nilipokelewa vizuri mno. Mama Kabula ni mwanamke mnene, mchangamfu, wa umri wa mama yangu. Nilipiga goti nikamwamkia, nikamwamkia na mumewe, Mzee Nkwabi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitikisa redio iliyokufa. Nikaletewa matobolwa, vile viazi vitamu wanavyovichemsha na kuvikausha, na karanga na maziwa ya mgando. Sikujua kwamba matobolwa hulowekwa mdomoni kwanza. Niliuma kwa nguvu, jino likalia ko! Mama Kabula akacheka, nami nikacheka, tukawa tumeshakuwa ndugu.

"Haya, mgeni wetu, leta habari," akasema.

Sasa sikilizeni vizuri. Kiswahili changu ni cha shule ya masista, nacho kina matundu yake. Kwetu mkufu ni urunigi. Neno la Kiswahili la kumvalisha mtu mkufu halikunijia, basi nikajitungia langu kutoka humo: kuniga. Kweli hata kwetu kuniga ni kumkaba mtu koo, lakini mkiwa kwenye shanga nani analifikiria hilo? Na nilikuwa sijui kwamba kwa Kisukuma nako neno ni hilo hilo.

"Mama," nikasema kwa adabu zote, "mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Mimi dada yake ndiye ninayepaswa kumniga. Sina cha kumnigia, nimesikia kwako kipo."

Mama Kabula akaweka bakuli chini.

"Kumniga?"

"Ndiyo, mama. Mbele ya watu wote."

"Kakukosea nini?"

"Hajakosea! Nampenda. Kwetu hakuna binti anayeolewa bila kunigwa. Hata mimi mama alininiga."

Mzee Nkwabi akaacha redio. Akasema jambo kwa Kisukuma, haraka haraka, na kijana mmoja akatoka mbio. Mimi nikadhani amekwenda kuleta shanga. Mimi huyu! Nikaendelea kunywa maziwa yangu kwa raha zangu, mpaka nilipomwona anarudi na mgambo, jina lake Masanja, ameshika fimbo mbili, yake na ya kumpa mzee, na majirani nyuma yao.

Mjue zilikuwa siku za vita. Mgeni asiyejulikana alikuwa anaogopwa kila mahali. Masanja akaniamuru nifungue kanga. Nikafungua. Akashika uzi wa nailoni, akauvuta kwa mikono miwili, haukukatika.

"Huu wa kazi gani?"

"Huo ndio wa kunigia, afande. Mzuri sana, hauumizi shingo."

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Masanja akarudi hatua nyuma. Nikaona sasa kuna jambo, nikafikiri hawajaelewa kitu chenyewe, basi nikawaonyesha kwa vitendo. Nikazungusha mikono yangu miwili shingoni, hivi, vidole vikakutana nyuma.

"Hivi!" nikasema. "Unazungusha, unakaza kidogo nyuma, basi!"

Mzee Nkwabi akainua fimbo. Nawaambieni, moyo ulinilipuka paa! Nilijua sasa kwamba nikikamatwa nitapelekwa wilayani, nitahojiwa, na Jumamosi itafika Skola amesimama kanisani shingo tupu, Mathiasi anarudi vitani, na mimi niko ndani nikieleza neno moja. Machozi yakanitoka, na machozi yangu siku zote huja pamoja na hasira.

"Hamnielewi!" nikapiga kelele. "Hamjaona urunigi ninyi? Huu hapa!" Nikashika shingo ya gauni langu nikaivuta chini, nikatoa mkufu wangu nje, mistari yote mitatu, nyekundu na nyeupe. "Huu! Huu! Nimenigwa tangu siku ya harusi yangu, na mbona bado napumua?"

Masanja akatazama shanga, akatazama uzi, akatazama sindano zangu mbili. Mama Kabula akasogea, akaushika mkufu wangu, akaugeuza kwa kidole gumba kama fundi anavyofanya. Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mayu wane!" akamwita mama yake kwa Kisukuma, kicheko kikambana, akakaa chini. "Shanga! Anataka shanga!" Akamgeukia mumewe. "Na mimi nimenigwa, basi! Nimenigwa na huyu mzee miaka yote hii na hakuna aliyemwita mgambo!"

Hapo ndipo iliposhindikana kujizuia. Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za zizi. Masanja alinirudishia uzi kwa mikono miwili, akaniomba radhi, lakini kila akinitazama alicheka upya. Mzee Nkwabi peke yake hakucheka, aliona haya. Alirudi kwenye kigoda chake, akaichukua redio yake.

Nikakumbuka betri. Nikampelekea. Sitadanganya kwamba nilitoa kwa wema mtupu, nilikuwa na hesabu zangu. Lakini alivyozipokea, akizigeuzageuza kiganjani, hesabu zangu zikanitoka. Redio ikakohoa, ikasema. Ilikuwa taarifa ya habari, kwamba majeshi yetu yanasonga mbele. Uani wote ukasogea. Mama Kabula akasimama karibu na redio bila kupepesa jicho mpaka habari zikaisha.

"Luhende wetu yuko huko," akaniambia polepole. "Mkubwa wangu. Tangu redio ife tulikuwa hatujui hata kama vita vinakwenda mbele au nyuma."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ngozi. Akamimina shanga kwenye ungo, nyekundu na nyeupe. Wenzangu, nimeshika shanga tangu utoto na sijawahi kuona nyekundu ile. Za kioo, nzito, kila moja sawa na mwenzake.

Alizigawa kwa kiganja, katikati ya ungo, bila haraka. Upande mmoja akausogeza kwangu. Nilipiga hesabu kwa macho tu: mstari mmoja, hauzidi. Mama Kabula aliona nilivyotazama upande ule mwingine.

"Hizi siwezi," akasema. "Hizi nimemwekea mke wa Luhende."

"Ameshachumbia?"

"Hata mchumba hana. Lakini nikikupa zote, mwanangu, nitakuwa nimesema harudi."

Nilimkumbatia. Nililia, naye akalia, na Mzee Nkwabi akaongeza sauti ya redio ili asitusikie.

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa na balaa zake, lakini nilikuwa mzima na shanga zangu kifuani, sina la kulalamika. Dereva wa lori alikuwa yule yule, safari hii bila ng'ombe. Nilijaribu kutunga njiani, shimo la kwanza likaninyang'anya sindano moja, nikaacha.

Nilifika Ijumaa na kumkuta Mathiasi ameshawasili, amekonda, anacheka na kila mtu. Nikakaa mlangoni penye mwanga, Skola miguuni pangu, nikatunga. Nyekundu mbili, nyeupe moja. Ulitoka mstari mmoja, mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutunga, na Jumamosi asubuhi nikamvalisha mbele ya ndugu wa pande zote mbili.

Shangazi yake Mathiasi mnamjua. Alisogea, akamzunguka bibi harusi, akainua kidole.

"Mstari mmoja tu? Kwenu si mitatu?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na mngesikia kelele zangu mpaka Rulenge. Skola akaniwahi.

"Mmoja unatosha, shangazi. Zilizobaki zina mwenyewe."

"Nani?"

"Mke wa Luhende, huko Bisibo."

"Luhende ndiye nani? Na huyo mkewe ni nani?"

"Hana mke bado," Skola akasema. "Yuko vitani kama huyu wako. Mama yake anamsubiri."

Shangazi akamtazama Mathiasi, aliyekuwa amesimama na suti ya kuazima, mikono ikiwa mirefu kuliko suti. Akamtazama kwa muda. Kisha akamgeukia Skola, akashika mkufu kwa vidole viwili, akausogeza taratibu mpaka kifungo kikakaa sawa nyuma ya shingo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.